Elfu 50 kutoka Abidjan mpaka Sikasso: sarafu moja lakini pesa ya simu ina mwenyewe

Chukua noti yoyote ya faranga za CFA za Afrika Magharibi uangalie pale kwenye namba yake, kuna herufi moja. A ni Cote d'Ivoire, B Benin, C Burkina Faso, D Mali, H Niger, K Senegal, S Guinea-Bissau, T Togo. Herufi inasema noti ilitolewa kwa ajili ya nchi gani, basi, kwa mtu wa sokoni haina kazi nyingine. Ukiwa na noti ya A kule Sikasso kusini mwa Mali hakuna anayekuuliza, unanunua kitunguu unarudishiwa chenji ya D au K mnaachana salama. Noti ni ya benki kuu moja, BCEAO yenye makao Dakar, na nchi zote nane za umoja wa uchumi na fedha wa Afrika Magharibi, UEMOA, zinaitumia, euro moja ni faranga 655.957 ukiwa Lomé au Niamey.

Sasa hiyo elfu 50 itoe mfukoni uiingize kwenye simu, halafu itume. Herufi inarudi, na safari hii ina nguvu.

Kisa ninachotaka kukichambua ni hicho tu. Kibarua yuko Abidjan, tuseme Adjamé pale karibu na mabasi ya kwenda kaskazini, ana faranga 50,000 anataka zimfikie mama yake Sikasso. Wa kufikirika huyu, ila wenye hali kama yake ni wengi mno, maana Cote d'Ivoire imeishi na vibarua wa Mali na Burkina Faso kwenye mashamba ya kakao na kahawa tangu enzi za ukoloni, reli ya kutoka Abidjan ilifika Ouagadougou mwaka 1954 na ikawabeba hao. Zamani pesa ilienda na dereva wa basi au na mtu wa kijijini anayerudi. Au unaenda dirisha la kampuni ya kutuma pesa, unajaza fomu, unapewa namba ya siri, na mama naye anapanga foleni upande wa pili.

Watu wengi wakisikia umoja wa fedha wanadhani kwenye simu kazi imekwisha, sarafu moja, benki kuu moja, sheria moja, kuna nini tena. Nami nilidhani hivyo mwanzoni. Kweli sarafu moja inaondoa mzigo mkubwa, hakuna kubadilisha fedha, hakuna mtu wa kati anayekula kwenye rate, hakuna hofu kwamba asubuhi elfu 50 imeshuka thamani njiani. Lakini inaondoa huo mmoja tu.

Pesa iliyo kwenye simu si noti. Ni deni. Kampuni iliyokupa hilo salio inadaiwa na wewe, na inatakiwa ikurudishie kwa thamani ile ile siku yoyote ukitaka. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani anadaiwa, na kibarua wetu akiwa Abidjan anayedaiwa ni kampuni ya Cote d'Ivoire. Mama akishapokea anayedaiwa ni kampuni ya Mali. Hata kama rangi ya kibanda ni moja na nembo ni moja, ni kampuni mbili tofauti, vitabu viwili, akaunti mbili za benki katika miji miwili. Kutuma pesa hapo ni kuhamisha deni kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na ukishaliona hivyo kila kigugumizi cha sheria kinaanza kueleweka.

Tuanze na ilivyokuwa. Orange Money, pesa ya simu ya kampuni ya Orange, ilizinduliwa Cote d'Ivoire Desemba 2008, enzi hizo kwa mtindo wa kuegemea benki, yaani kisheria mtoaji wa pesa ni benki mshirika na kampuni ya simu iko mbele inasimamia mawakala na wateja. Kanuni iliyokuwepo ni ya mwaka 2006. Mwaka 2013 Orange wakafungua kutumiana kati ya Cote d'Ivoire, Mali na Senegal, simu kwa simu. Mwaka uliofuata, 2014, MTN ya Cote d'Ivoire na Airtel ya Burkina Faso wakafungua njia yao, na hii ya pili mimi ndo naiona ya kuvutia zaidi manake walikuwa makundi mawili yasiyo na undugu wowote, kila mmoja na mabosi wake. Orange alikuwa anahamisha kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, hawa ilibidi waaminiane. (Baadaye, 2016, Orange wakainunua hiyo Airtel ya Burkina, mambo ya biashara hayo.)

Halafu ikaja Maelekezo Na. 008-05-2015 ya tarehe 21 Mei 2015, na kwa kweli hapa BCEAO walifanya kazi. Kampuni isiyo benki inaweza kupata leseni yake yenyewe ya kutoa pesa za kielektroniki, mtaji usiopungua faranga milioni 300. Hairuhusiwi kukopesha. Pesa za wateja zitengwe benki kwenye akaunti yake, zisichanganywe na za kampuni, na jumla ya kilicho kwenye simu za watu kilingane muda wote na kilichoko benki. Si chini ya asilimia 75 iwe amana ya kuchukulika wakati wowote, ili wateja wakija kwa wingi hela ipo. Wakala akiharibu, anayebeba lawama ni mwenye leseni, hakuna kusema huyo ni wakala tu simjui.

Kanuni nzuri, inalinda mama wa Sikasso kuliko anavyojua. Ila iangalie ikifanya kazi mpakani.

Ijumaa jioni kibarua anabonyeza kutuma. Sekunde hiyo hiyo salio lake linapungua 50,000 na ada juu. Sekunde hiyo hiyo upande wa Mali kampuni inatakiwa izae 50,000 mpya kwenye simu ya mama. Lakini kanuni inasema kila faranga ya kwenye simu iwe na faranga ya benki nyuma yake, na ile faranga ya benki bado imelala Abidjan. Kuihamisha kwenda Bamako kunapita kwenye mfumo wa malipo makubwa wa benki, STAR-UEMOA, uliojengwa kwa ajili ya mabenki na saa za kazi za mabenki. Ijumaa jioni mabenki yamefunga. Kwa hiyo kampuni ya Mali ina njia mbili, ama imwambie mama asubiri Jumatatu, ama iwe na pesa ya Abidjan iliyokwisha wekwa Bamako mapema. Kuzaa salio kwa ahadi tu ni sawa na kumkopesha yule wa Abidjan, na kukopesha tumeshaona hakuna.

Ndiyo maana njia hizi zinaendeshwa kwa amana ya mapema, na hapo ndipo ada inapozaliwa japo mteja anadhani ada ni ya mtandao. Tufanye hesabu ya mfano, namba nazitunga mimi ili uone ukubwa. Kampuni ya Abidjan imeweka milioni 100 Bamako. Watu 2,000 wakituma elfu 50 kila mmoja, imekwisha. Watu elfu mbili wikiendi ya kabla ya Tabaski, yaani Idi ya kuchinja, wakati kila kibarua anatuma hela ya kondoo, si kitu. Na mkondo ni wa upande mmoja, pesa inatoka Cote d'Ivoire kwenda Mali kwa wingi na inayorudi ni kidogo, kwa hiyo amana ya Bamako inakauka na ile ya Abidjan imejaa haina kazi. Ingekuwa zinakutana katikati wangefuta madeni wakalipana tofauti tu, ila kwenye njia za vibarua hazikutani. Kampuni ikitaka kuwa salama inaweka nyingi zaidi, na hela iliyolala Bamako ni hela ambayo haifanyi kingine, mtu lazima alipie, na anayelipia ni kibarua.

Sarafu moja haigusi kabisa hilo tatizo. Wangekuwa na sarafu mbili lingekuwa lile lile na kubadilisha fedha juu yake.

Tukifika Sikasso kuna la pili, dogo kwa wakubwa lakini ndilo mama analoliona. Salio limeingia, ujumbe umefika, anaenda kwa wakala, wakala anamwambia sina keshi. Sehemu zinazopokea zaidi kuliko zinavyotuma, kila mtu anakuja kutoa, hakuna wa kuweka, wakala anaishiwa noti huku floti, yaani salio lake la kazi, imejaa kwenye simu. Abidjan ni kinyume chake, kila mtu anakuja kuweka, noti zinajaa kibandani na floti inaisha. Benki kuu inaweza kuandika kanuni kumi, ila mwisho lazima mtu abebe noti kwenye begi ampelekee wakala, na hilo lina gharama ya barabara na ya usalama. Sehemu za Mali ambako usalama umeyumba tangu 2012 usiniambie ni jambo jepesi.

Tuje kwenye utambulisho. Kanuni ya 2015 inasema mteja aliyetambuliwa asiwe na zaidi ya milioni 2 kwenye akaunti na asijaze zaidi ya milioni 10 kwa mwezi, asiyetambuliwa aishie 200,000. Kwa kibarua wa elfu 50 viwango hivyo ni vikubwa mno, wala havimgusi. Kinachomgusa ni karatasi. Huyu ni mgeni nchini, wengi wa aina yake wanatembea na kadi ya ubalozi, na ikishaisha muda anarudi kuwa mtu asiyetambuliwa, au anatumia laini ya rafiki. Akitumia laini ya rafiki, kwenye kumbukumbu aliyetuma ni rafiki. Halafu soma tena kile kiwango, ni kwa mteja mmoja kwa mtoaji mmoja. Mwenye akaunti kwa watoaji watatu ana viwango vitatu. Mwenye nia mbaya anayajua haya kabla ya asubuhi, mwenye nia njema ndiye anayerudishwa nyumbani akalete kitambulisho kipya.

Na wanaofuatilia pesa chafu wamegawanywa kwa nchi pia. Kila nchi ina kitengo chake, CENTIF, na kampuni ya Abidjan ikiona jambo la kutilia shaka inaripoti CENTIF ya Abidjan, ya Bamako inaripoti ya Bamako. Vinaweza kubadilishana taarifa, sawa, lakini muamala ni mmoja na kila mmoja ameona nusu. Mali ilikuwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazochunguzwa zaidi, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na pesa chafu, kuanzia Oktoba 2021 hadi Juni 2025, Cote d'Ivoire ikaingizwa Oktoba 2024. Nchi ikiwa humo, kila benki inayogusa pesa zake inaongeza maswali, na maswali ni gharama. Sarafu wanagawana lakini sifa mbaya kila mtu na yake.

Kuhusu bei nitasema kitu ambacho wadhibiti hawatakipenda. Kilichoshusha bei si kanuni. Ni Wave, kampuni mpya ya pesa ya simu. Hawa jamaa waliingia Senegal wakaweka asilimia 1 ya kutuma, kuweka bure, kutoa bure, mwaka 2021 wakaingia Cote d'Ivoire, na wakubwa waliokuwepo ikabidi washushe. Leseni yao wenyewe kutoka BCEAO waliipata Aprili 2022, yaani waliutikisa soko wakiwa bado wamejificha nyuma ya leseni ya benki, na hiyo sifa ndogo naipa BCEAO, waliacha mlango wazi kiasi mgeni akapita. Kwa kulinganisha, kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara bado kunakula karibu asilimia 8 kwa hesabu za Benki ya Dunia, na lengo la dunia la 2030 ni chini ya asilimia 3. Kwa hiyo ndani ya UEMOA kibarua yuko vizuri kuliko ndugu yake aliyeko Paris.

Ila bei ilishuka ndani ya nyumba ya kila mmoja. Kutoka nyumba moja kwenda nyingine mambo yakabaki vile vile. Mtu ana kampuni hii, mama ana kampuni ile, hawaongei, na dawa ya wananchi ikawa ni kumiliki laini tatu, na kibanda kimoja kubandikwa mabango ya rangi zote. Nchi nane, noti moja, na simu mbili ndani ya soko moja zikawa zinashindwa kutumiana. Hapa BCEAO nawalaumu wazi. Mabenki walishajengewa STAR-UEMOA, wakajengewa SICA-UEMOA ya hundi na uhamisho mdogo, kadi zikapata GIM-UEMOA, yote hayo miaka ya elfu mbili mwanzoni. Pesa ya simu ambayo ndiyo ya wengi ikaachwa makampuni yakubaliane yenyewe, na mkubwa wa soko hana sababu ya kukubaliana na mdogo, ukubwa wake ndio ngome yake.

Walipoamka wakaamka kweli lakini. Tarehe 23 Januari 2024 yakatoka Maelekezo Na. 001-01-2024 kuhusu huduma za malipo, sasa hata zile kampuni za kiteknolojia zilizokuwa zinapita katikati, za kukusanya malipo na kuunganisha, nazo zikatakiwa kuwa na kibali. Na tarehe 30 Septemba 2025 BCEAO wakazindua jukwaa lao la malipo ya papo kwa papo, PI-SPI, benki, taasisi ndogo za fedha na pesa za simu zote kwenye bomba moja, saa 24 siku 7, nchi zote nane. Rudi kwenye Ijumaa yetu jioni uone linagusa nini. Kama watoaji wawili wanaweza kulipana kupitia benki kuu Ijumaa usiku, ile amana ya kulala Bamako inaweza kupungua sana. Haiishi, mkondo bado ni wa upande mmoja na lazima uwe na kitu cha kulipia, ila hujazi tena hela ya siku tatu kwa sababu tu mabenki yamefunga.

Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kisa ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeisoma mara mbili. Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa Kampala Novemba 2013, sarafu moja ilitakiwa 2024, ikasogezwa 2031. Wakati wenye umoja wa fedha tangu miaka ya sitini imewachukua mpaka 2025 kuunganisha simu zao. Mabomba hayahitaji kuisubiri noti.

Mdudu aliyebaki ni serikali zenyewe. Benki kuu ni moja lakini wizara za fedha ni nane, na kila moja imeshagundua kwamba pesa ya simu ni rahisi kutoza. Mali mwaka 2025 ikaweka kodi ya asilimia 1 kwenye kutoa pesa, Senegal mwaka huo huo ikapitisha ya asilimia 0.5. Asilimia 1 ya elfu 50 ni mia tano. Kampuni imejinyonga kushusha ada, mshindani amemkaba, benki kuu imejenga bomba, halafu pale mwisho mama anakatwa mia tano akitaka noti mkononi. Atafanya nini? Atamwambia mwanaye safari ijayo mpe dereva. Na pesa ikirudi kwa dereva, kile kitengo cha kufuatilia pesa chafu hakioni hata ile nusu.

Tena kuna la kisiasa ambalo watu wa mifumo hawalipendi. Tarehe 9 Januari 2022 Mali iliwekewa vikwazo na jumuiya za kanda, mali za serikali zilizoko BCEAO zikazuiwa, serikali ikashindwa kulipa madeni yake kwenye soko la kanda, mahakama ya UEMOA ikaagiza Machi vikwazo visitishwe, vikaja kuondolewa Julai 3. Lengo lilikuwa serikali, si mama wa Sikasso. Lakini kila mtu aliona kwamba bomba moja lina koki moja, na ilipo. Mali, Burkina Faso na Niger zimeshatoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, tangu Januari 2025 ila UEMOA wamebaki, faranga bado wanaitumia, na miamala ya Abidjan kwenda Sikasso bado inapita humo humo.

Sasa tuseme kibarua amekosea tarakimu moja, elfu 50 imeingia kwa mtu mwingine Sikasso. Anapiga simu kampuni yake, Abidjan. Wanamwambia imeshatoka kwetu. Mama anaenda kampuni ya kule, wanamwambia wewe siyo uliyetuma, hatuwezi kukupa taarifa za mteja wetu. Aliyepokea kimakosa ameshatoa keshi kwa wakala. Ndani ya nchi moja kampuni ingeweza kuizuia hela mapema, hapa kila upande una nusu ya mteja na nusu ya ushahidi. Bomba jipya linaonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha? Kama linafanya hivyo kwa kila njia, na kwa lugha na maandishi ambayo kibarua anayasoma, tatizo hili linapungua nusu siku hiyo hiyo. Nusu nyingine inahitaji mtu mmoja, mwenye namba ya simu inayopokelewa, ambaye muamala wa nchi mbili ni wa kwake wote. Kwa sasa kibarua anazungushwa kati ya kaunta mbili, na ya pili iko nchi nyingine.